Sura ya Sita: Kina Mwenyewe

"Shikamoo, mwalimu. Wewe ndiye uliyetafsiri hii karatasi ya mashine ya damu?"

Sauti ilikuwa ya kijana, na kwa jinsi alivyoivuta ile shikamoo nilijua kuna deni linakuja nyuma yake. Nikaitikia marahaba, nikakiri kuwa ndimi. Alikuwa fundi sanifu wa maabara katika hospitali moja ya wilaya. Mashine yao ya kuhesabu chembe za damu ilikuja na kijitabu cha Kiingereza, na mimi, miaka kadhaa nyuma, nilipewa kazi ya kukigeuza Kiswahili. Ukurasa wa nne ulikuwa na sentensi iliyomkataza mtumiaji asitie chochote ila vitendanishi ambavyo Kiingereza kiliviita proprietary. Nikaandika: "Tumia vitendanishi vya kampuni tu."

"Sasa mwalimu," akasema, "kuna vitendanishi visivyo vya kampuni? Kuna mtu anavipika nyumbani kwake? Sisi tumeagiza vya kampuni. Kampuni nyingine, bei nusu. Mashine imesoma kile kichipu cha kwenye chupa, imevikataa, imejifunga. Hela ya kituo ndiyo hiyo imekwenda."

Sikuwa na la kujibu. "Vya kampuni" si uongo, na ndiyo maana kosa langu lilipita kwa mhariri, likapita kwa mteja, likakaa miaka kijitabuni bila kuonekana. Kilichokosekana ni ile habari moja ambayo kijana wa maabara aliihitaji kuliko zote: kwamba kuna wengine wote duniani wanaoweza kutengeneza kitu hicho hicho, na wote wamefungiwa nje. Sura hii ni jaribio la kulipa deni lake.

Neno lenyewe, proprietary, lina ukoo mkubwa. Babu yao ni proprius wa Kilatini, kivumishi kilichosema kuwa kitu ni cha mtu mwenyewe, dhidi ya communis, kilicho cha shirika. Wajukuu wametapakaa. Kifaransa kina propre, ambalo likikaa mbele ya mikono huwa "mikono yangu mwenyewe", na likikaa nyuma yake huwa "mikono safi". Kiingereza kikapata property, yaani mali, na propriety, yaani adabu, na kwa muda mrefu maneno hayo mawili yalivaliana nguo. Katika karne ya 17 mwandishi angeweza kutumia moja mahali pa jingine bila mtu kushtuka. Kuwa na chako na kuwa na heshima zako vilihesabiwa kitu kimoja. Masikini hakuulizwa maoni yake kuhusu jambo hilo.

Lakini ndugu yetu proprietary alianza maisha akiwa na sifa mbaya. Kiingereza cha mwishoni mwa zama za kati kililitumia kama jina la mtu: mtawa aliyekula kiapo cha ufukara kisha akakutwa na kitu chake. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa katika karne ya 6 na kufuatwa na monasteri nyingi za Ulaya, ilimnyima mtawa hata kitabu, hata kibao cha kuandikia, hata kalamu. Kila kitu cha wote. Na kwa kuwa Benedikto aliwajua binadamu, aliagiza pia abati apekue vitanda mara kwa mara. Basi picha ya kwanza ya neno hili ni mkono wa abati chini ya godoro, ukitafuta kisu au leso ambayo Ndugu fulani ameificha wenzake wasiitumie. Sijui picha nyingine inayolieleza vizuri zaidi. Kosa la yule mtawa halikuwa kuitumia leso, maana leso wote walipewa. Kosa lake lilikuwa kuificha.

Kutoka chini ya godoro neno lilipanda hadi ikulu.

Mwaka 1632 Mfalme Charles wa Kwanza wa Uingereza alimpa Cecilius Calvert, Lodi Baltimore wa pili, nchi nzima ng'ambo ya Atlantiki, nayo ikaitwa Maryland. Kodi yake kwa mfalme: mishale miwili ya Wahindi Wekundu kila mwaka, ipelekwe kasri la Windsor. Mwaka 1663 Charles wa Pili akawagawia mabwana wanane Carolina. Na tarehe 4 Machi 1681 akamlipa William Penn deni. Baba yake Penn, aliyekuwa admeri, alimwacha mfalme na deni la pauni 16,000, na mfalme, ambaye pesa taslimu hakuwa nazo, alilipa kwa ardhi: zaidi ya kilomita za mraba laki moja za misitu, mito na watu waliokuwamo. Kodi safari hii ilikuwa ngozi mbili za biva kwa mwaka, na sehemu moja ya tano ya dhahabu na fedha itakayochimbwa. Makoloni ya namna hiyo Kiingereza kiliyaita proprietary, na mwenyewe akaitwa Proprietor.

Msomaji wa Kiswahili ana njia ya mkato ya kulielewa jambo hili kuliko Mwingereza wa leo. Sisi tuliazima kutoka Kiarabu mzizi mmoja uliotuzalia miliki, milki, mamlaka na malkia. Mwenye mali na mwenye enzi wametoka tumbo moja, na bado tunasema mfalme "alimiliki" miaka kadhaa bila kufikiria shamba lolote. Penn alikuwa hivyo hasa. Hakuwa gavana aliyetumwa, wala mkulima mkubwa tu. Aliteua maofisa, aliunda mahakama, aliuza viwanja, alitoza kodi ya ardhi, na alipokufa wanawe walirithi nchi kama mtu anavyorithi nyumba ya Ilala.

Penn mwenyewe alikuwa Mkwekeri, mtu wa amani, na aliwalipa Walenape, wenyeji wa huko, kwa ardhi alizochukua. Wanawe walikuwa watu wengine. Mwaka 1737 walitoa hati ya zamani iliyodai kwamba Walenape waliwahi kuuza ardhi kwa kipimo cha mwendo wa mtu kwa siku moja na nusu. Mwendo wa kawaida, wa kupumzika na kula, ndivyo wazee wa Kilenape walivyouelewa. Wana wa Penn wakatafuta vijana watatu wenye mbio, wakafyeka njia msituni kabla ya siku yenyewe, na aliyebaki kati ya watatu hao akafika karibu kilomita mia moja. Hapo kila neno la mkataba lilifuatwa. Wahamiaji wa Kizungu nao, ambao hawakuwa na huruma ya ziada kwa Walenape, walikuja kuwachoka hao wenye nchi kwa sababu yao wenyewe: ukoo wa Penn ulikataa mashamba yake makubwa yatozwe kodi ya kugharimia ulinzi wa koloni. Mwaka 1757 Baraza la koloni hilo la Pennsylvania lilimtuma Benjamin Franklin hadi London kuupinga msimamo huo. Ilimchukua miaka mitatu kupata uamuzi kwamba mashamba ya mwenye nchi nayo yatozwe. Uhuru ulipokuja, mwaka 1779, jimbo likatwaa ardhi nyingi ya ukoo huo na kuahidi fidia ya pauni 130,000. Ngozi za biva hazikudaiwa tena.

Ndipo neno likashuka kutoka nchi nzima hadi kwenye chupa.

Karne ya 19, Marekani na Uingereza, ukiumwa tumbo, mgongo, hedhi au huzuni, kulikuwa na chupa yenye jina na picha ya mtu mwenye ndevu. Dawa hizo ziliitwa proprietary, na watengenezaji wa Marekani walikuwa na chama chao tangu 1881 kilichobeba neno hilo hilo. Watu wa mitaani walipenda kuziita dawa za hataza, na hapo pana kinaya ambacho sijawahi kukichoka. Hataza, kwa asili yake, ni barua ya wazi. Mvumbuzi huweka hadharani jinsi kitu kinavyofanya kazi, na serikali humlinda kwa muda, siku hizi miaka 20, kisha kitu kinakuwa cha wote. Dawa zile karibu zote hazikuwa na hataza hata moja, kwa sababu kuiomba kungewalazimu wenyewe kusema kilichomo. Na kilichomo hakikuwa cha kusemwa. Dawa maarufu ya Lydia Pinkham, iliyouzwa kwa wanawake waliojinasibu kuwa hawagusi kilevi, ilikuwa na alkoholi karibu sehemu moja ya tano. Sharubati ya Bi Winslow ya kutuliza watoto wanaoota meno ilikuwa na mofini. Watoto walitulia kweli, wengine hawakuamka. Mwandishi Samuel Hopkins Adams alizianika dawa hizo katika jarida la Collier's mwaka 1905, na mwaka uliofuata Bunge la Marekani likapitisha sheria iliyolazimisha lebo itaje alkoholi, afyuni, mofini, kokeini na wenzao.

Kabla hatujawacheka, tuwe wakweli. Mganga wa kwetu naye hakutajii miti aliyoichemsha. Atakwambia ni mizizi ya porini, atakutazama, basi. Lakini mganga unamjua nyumba yake, na usipopona utakwenda kukaa barazani pake hadi akueleze. Chupa ya Bi Winslow haikuwa na baraza.

Siri hiyo ingali hai. Kopo la unga wa kujenga misuli linalouzwa Marekani linaweza kuandikwa kuwa lina mchanganyiko proprietary wa gramu kadhaa. Sheria ya huko inamtaka mtengenezaji ataje viambato na uzito wa jumla, ila si lazima aseme kila kimoja ni kiasi gani. Coca-Cola, iliyobuniwa na John Pemberton mwaka 1886, imefanya siri ya namna hiyo kuwa sehemu ya tangazo lenyewe. Serikali ya India ilipoitaka kampuni hiyo ipunguze hisa zake katika biashara ya huko na iwape wenyeji ujuzi wake, kampuni ilifunga virago mwaka 1977, ikarudi 1993. Nchi ya watu mamia ya milioni ilikosa soda moja kwa miaka 16 ili karatasi moja isisomwe. Ndiyo nguvu ya neno hili.

Kuna pia jina. Daktari anaposema jina proprietary la dawa anakusudia lile la kampuni, Panadol, dhidi ya parasetamoli ambalo ni la kila mtu. Hapa wenyewe wana hofu isiyokuwapo kwenye ardhi wala kwenye chupa: jina likipendwa mno linatoroka. Bayer ya Ujerumani ilimiliki neno Aspirin. Mwaka 1921 jaji Learned Hand wa New York aliamua kuwa umma wa Marekani umekwisha kulifanya jina la dawa yenyewe, si la kampuni, na Bayer haiwezi kuwazuia wengine kuwauzia wananchi kwa jina hilo. Katika nchi nyingine, Kanada mojawapo, jina hilo bado ni alama ya Bayer. Kwa kipimo hicho, Kiswahili ni lugha hatari kwa wenye majina. Mama akimtuma mtoto dukani pampasi hajali ya kampuni gani. Vaselini ni mafuta yoyote mazito ya kujipaka, na katapila ni tingatinga lolote linaloangusha nyumba za watu, hata kama limeandikwa jina la kampuni hasimu ubavuni. Tunachukua jina, tunalitia irabu mwishoni, limekuwa letu.

Nasi tumechukuliwa. Mwaka 1994, mwaka ilipotoa filamu yake ya simba, Disney iliomba Marekani kusajili maneno "Hakuna Matata" yawe alama yake ya biashara kwenye nguo, na mwaka 2003 usajili ukakamilika. Habari hizo zilipovuma mwaka 2018 watu wengi walisaini malalamiko mtandaoni, na wapo waliodhani sasa dereva wa daladala anaweza kushtakiwa kwa kumtuliza abiria. Haikuwa hivyo. Alama ya biashara haimzuii mtu kusema. Inamzuia kuchapa maneno hayo kwenye fulana na kuziuza nchi ilikosajiliwa. Hasira yao hata hivyo naielewa. Waliouza fulana zenye maneno hayo katika maduka ya pwani kwa watalii walikuwapo kabla ya simba wa katuni, na hakuna aliyekwenda kuwauliza.

Kuna tumizi moja kavu nitalipita haraka. Ukiona mfuko wa saruji au lori la mgodi limeandikwa (Pty) Ltd, kampuni imesajiliwa katika nchi kama Afrika Kusini, Botswana au Australia. Herufi zile tatu ni proprietary iliyokatwa, na maana yake ni kampuni isiyouza hisa zake kwa umma. Huko Australia wanahisa wake, ukiacha wafanyakazi, hawazidi 50. Mlango umefungwa tena, safari hii mlango wa hisa. Kichekesho ni kwamba Broken Hill Proprietary, iliyoanzishwa 1885 kuchimba fedha na risasi, ambayo leo dunia inaijua kama BHP, hisa zake zinauzwa sokoni kama vitumbua.

Wanasheria ndio waliolinoa neno hadi likakata unywele. Kwao swali si nani ana kitu. Swali ni haki inagandana na nini. Mfano ninaoupenda ni kesi ya Ireland iliyofika kwa majaji wakuu wa London mwaka 1916. Mwenye kiwanja aliiruhusu kampuni ya matangazo ibandike mabango kwenye ukuta wa jumba la sinema litakalojengwa. Baadaye akakikodisha kiwanja kwa kampuni ya sinema, nayo ikasema haitaki mabango ukutani pake. Majaji wakaamua kuwa ruhusa ile ilikuwa ahadi kati ya watu wawili tu. Haikuingia kwenye matofali. Kampuni ya sinema haikufungwa nayo, na aliyeahidi ndiye aliyepaswa kulipa hasara. Haki inayoingia kwenye matofali, inayomfuata kila ajaye, hiyo ndiyo proprietary.

Mzee yeyote wa Unguja au wa pwani ya Kenya angeisikiliza kesi hiyo akitikisa kichwa, si kwa kushindwa kuielewa. Huku minazi ina mwenyewe na ardhi iliyo chini yake inaweza kuwa na mwenyewe mwingine. Mtu hurithi mikarafuu kumi ndani ya shamba asilokuwa na haki ya kujenga hata banda. Mombasa kuna mitaa ambamo watu wana nyumba, za kuuza, za kurithisha, juu ya viwanja visivyo vyao, na kila mwezi wanalipia ardhi. Mwingereza alipokuja na daftari lake la kuandikisha hati alitaka mstari mmoja kwa kiwanja kimoja. Alikuta mnazi una mstari wake na nyumba ina wake. Na Tanzania Bara, hati tunayoihangaikia ofisi za ardhi hadi viatu vinaisha soli tunaiita hatimiliki, ilhali Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema ardhi yote ni ya umma, Rais ni mdhamini, na tulichopewa ni haki ya kuikalia kwa miaka 33, 66 au 99. Jina limetangulia mbele ya haki.

Sasa nirudi kwenye kazi yangu, maana hapa ndipo nilipojikwaa. Kiswahili hakina kitenzi cha kushika mali kama kile cha Kiingereza. Nina nyumba: mimi na nyumba, tuko pamoja, basi. Kesho naweza kuwa mbali nayo, na lugha haitashangaa. Tukitaka kumtaja mwenye kitu tunasema mwenye, na neno hilo limezaa Mwinyi, jina la heshima la pwani, na limezaa mwenyeji. Mwenyeji ana mji, lakini methali inamtaka ampokee mgeni ili yeye mwenyewe apone. Umwenye wetu wa zamani, angalau katika maneno, unakuja na mkeka wa kumkaribisha mtu. Nafsi ya proprietary iko kwenye kitasa. Kulitafsiri kwa -enye peke yake ni kumtia mwenyeji mahali pa bawabu.

Watafsiri wenzangu wana njia zao. Wapo wanaoandika "maalumu", na hilo ndilo baya kuliko yote, kwa sababu linageuza kufuli kuwa sifa. Wapo wanaoandika "binafsi", lakini mswaki wangu ni wa binafsi na hakuna aliyeutamani. "Orijino", wanavyosema wauza spea wa Gerezani, ni jambo jingine kabisa: chujio la mafuta orijino limetoka kwa aliyetengeneza gari, lakini la kampuni nyingine nalo linaingia na gari linatembea. Likikataa kuingia, hapo ndipo tunapozungumza. "Kuhodhi" linakaribia, ila lina harufu ya mfanyabiashara aliyeficha sukari.

Kuna usemi mmoja wa nyumbani ninaouamini kuliko yote hayo, nao kila mtoto ameusikia akinyoosha mkono kwenye kitumbua kilichofunikwa: hicho kina mwenyewe. Tazama ulivyojengwa. Hautaji mwenyewe ni nani, wala hauna habari na kitumbua chenyewe. Aliyenyoosha mkono ndiye anayeambiwa. Tena neno mwenyewe lina maana mbili, mwenye kitu na nafsi ya mtu, kwa namna inayokaribiana na proprius ya Warumi. Lugha mbili zisizojuana zimepita njia moja.

Aliyelifanya neno hili litajwe kwa uchungu zama zetu ni mtu wa kompyuta, na kisa chake kilianza kwa karatasi iliyokwama. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Richard Stallman alifanya kazi katika maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT. Mashine yao ya zamani ya kuchapa ilikuwa ikikwama, naye aliifanyia programu marekebisho iwatumie watumiaji ujumbe karatasi zikikwama, waende kuzikwamua. Xerox ikawaletea mashine mpya, ya leza, nayo ilikwama vilevile, lakini programu yake haikuja na msimbo wa chanzo, yale maandishi ambayo binadamu anaweza kuyasoma na kuyarekebisha. Stallman akamwendea mtu katika chuo kingine aliyekuwa nao. Yule bwana akakataa: alikuwa ameweka saini ahadi ya kutompa mtu.

Hadi miaka kama kumi kabla ya hapo, programu zilikuja na mashine kama mpini unavyokuja na jembe. IBM ilitangaza mwaka 1969 kuwa itaanza kuziuza kando na mashine. Bill Gates, kijana wa miaka 20, aliwaandikia wapenzi wa kompyuta barua ya wazi mwaka 1976 akiwaambia kuwa wanaonakili programu yake ni wezi. Kampuni zikaanza kujisifu katika matangazo kwamba teknolojia yao ni proprietary, yaani hutaipata kwingine. Stallman akalichukua neno lile lile la kujisifia akalifanya tusi. Septemba 27, 1983 alitangaza kuwa ataandika mfumo mzima wa kompyuta ulio huru, na akauita GNU. Naye, kama abati, alikuwa akipekua chini ya godoro.

Kiswahili kiliingia katika kisa hiki kwa mlango wa uani. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chini ya mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia yenye menyu za Kiswahili. Hawakumwomba mtu ruhusa. Msimbo ulikuwa wazi, wakaufungua, wakaweka "faili" na "hariri" na "hifadhi" palipokuwa na Kiingereza. Programu ya aina ile ambayo Stallman aliikimbia ingewalazimu kusubiri hadi ofisi fulani ya Marekani ione faida katika lugha yao. Kwa programu zilizo wazi tumepata jina zuri, programu huria. Kwa zile nyingine kila mwandishi anabahatisha.

Asiyejua kompyuta alijifunza somo hili kwa chaja. Enzi za simu za vitufe kila kampuni ilikuwa na pini yake, na simu ikikuzimikia ugenini ulizunguka nyumba kwa nyumba kama mwombaji. Aliyetuokoa alikuwa chaja kobe, kile kibanio kilichokamata betri yoyote kwa makucha yake mawili bila kuuliza ukoo. Apple iliendelea na pini yake ya Lightning kutoka 2012, ikaiacha kwenye iPhone ya 2023, na mwishoni mwa Desemba 2024 sheria ya Umoja wa Ulaya ikaanza kuzitaka simu mpya zote zitumie pini moja. Kobe alikuwa ametangulia.

Nisisahau tumizi la sebuleni, ambalo hata kamusi hulitaja kwa sauti ya chini. Riwaya za Kiingereza zinapenda kusema mwanamume ameweka mkono proprietary begani kwa mkewe mbele ya wageni. Hakuna hati hapo, hakuna hataza. Kuna mkono tu, na wageni wameelewa. Ukiniuliza nitafsiri vipi, nitasema: alilishika bega kama mtu anayeshika usukani wa gari lake.

Baada ya siku tatu nilimtumia fundi sanifu sentensi mpya ya ukurasa wa nne. Iliingia mahali pa maneno matano: "Mashine hii hupokea vitendanishi vyake tu, vinavyotengenezwa na kampuni iliyoitengeneza mashine yenyewe. Vya kampuni nyingine yoyote, hata viwe sawa na hivyo, itavikataa na kujifunga."

Majibu yalikuja jioni. "Hapo sawa kabisa mwalimu. Sasa tumeagiza vya kwao. Tunavisubiri tangu mwezi wa tatu."